Ndege ya Kuria, Jicho la Gerishon

Jumatatu, 3 Februari

Kazi imeingia leo na sijui nicheke au niogope. Nilikuwa nakata picha za pasipoti za mwalimu mmoja wa Sugoi, mara akaingia Mzee Kuria wa Chepsaita. Ovaroli imejaa grisi, kofia mkononi. Hata kiti hakutaka. "Mama Sylvia, ile ndege yangu imekamilika. Nataka uipige picha. Lakini si na hizi kamera za siku hizi. Nasikia Gerishon alikuachia macho yake."

Macho! Ndivyo anavyoziita lenzi.

Ni kweli aliniachia. Marehemu Mzee Gerishon ndiye aliyenifundisha hii kazi, mimi msichana wa kufagia studio, shule nimeachia darasa la nane. Alipofariki, mkewe aliniletea lenzi zake za zamani zimefungwa ndani ya soksi. Za chuma na kioo, nzito kama jiwe la kusagia. Nimezitafutia pete ya kuzishikisha kwa kamera yangu ya dijitali, lakini hazijifanyii chochote. Mwanga unaupima wewe mwenyewe. Unazungusha kwa vidole mpaka picha itulie, na ukichelewa, kitu kimeshapita.

Nikamwambia, Mzee, mimi ni wa harusi, ubatizo na matanga. Ndege sijawahi. Akasema ndege ni kama bibi harusi, inataka tu kuambiwa imependeza. Tena, kitu ya zamani ipigwe na jicho la zamani. Ati simu ya binti yake Cate inaifanya ionekane ya plastiki.

Nimekubali. Sasa situlii. Nimezipanga lenzi mezani, nimezirudisha kwa soksi, nimezitoa tena. Bwana, nyoosha hii mikono.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeiona! Imetoka enzi za masetla. Mabawa mawili, moja juu ya lingine. Viti viwili vya wazi, kimoja mbele cha abiria, kingine nyuma cha rubani. Mzee aliikuta kwenye banda la shamba fulani, kuku wametaga ndani. Alikuwa fundi wa ndege Nairobi miaka yote, na kurusha alijifunzia huko huko. Kustaafu tu, akaapa hii hataiachia kutu.

Na mabawa ni kitambaa! Sikujua. Ndani mbao nyembamba, juu kitambaa kilichoshonwa, kikapakwa dawa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Aliyeshona ni mkewe, Wangari, kwa ile ile cherehani ya yunifomu za shule. Akanionyesha mshono mmoja chini ya bawa. "Huu nilishona nikilia. Sindano zinavunjika, na huyu mzee ananifokea kama mtu wa gereji." Tulicheka mpaka tukashikana.

Wangari ni wa kanisa letu, benchi letu moja. Mzee hajawahi kutia mguu. Kwa maombi ya Jumatano tumemtaja mpaka jina lake limechakaa midomoni. Yeye husema Mungu hajawahi kumshikia spana.

Wakawasha. Propela unaivuta kwa mkono kisha unaruka nyuma kama umeona nyoka. Vumbi, nyasi, kuku juu ya paa! Nikapiga, nikapiga — ukungu mtupu. Ndege inasogea, vidole vyangu bado vinatafuta. Nilijionea aibu.

Halafu injini ilipopata moto ikaanza kukohoa. Kho, kho. Ikanyamaza. Mzee akakiinamishia sikio kile chuma kama daktari. "Ikiwa baridi inaimba," akaniambia. "Ikipata moto inakata. Sasa ikikata huko juu? Haiinuki hii mpaka nijue inakohoa nini. Na mpaka mkaguzi wa Nairobi aje mwezi ujao aiangalie."

Nilipenda alivyosema. Mtu anayekiheshimu kitu chake.

Jumamosi, 8 Februari

Wangari alitaka ndege iombewe. Mzee akakubali shingo upande — ombeni tu, bora rangi isibanduke. Basi Pastor Wabuge akaja na kina mama wa kanisa na chupa ya mafuta ya upako.

Pastor wetu akishika moto hasimami. Alipaka propela, akapaka magurudumu, akapaka viti. Akampaka Wangari. Alipomfikia Mzee, Mzee akaanza kutafuta spana isiyopotea. Ndipo akanigeukia mimi. "Na kamera hii nayo, ishuhudie!" Kabla sijageuka, gumba lake liko juu ya kioo. Lenzi ya Gerishon! Mstari wa chini, mstari wa kando. Msalaba mzima, mafuta ya zeituni mazito.

Marehemu alikuwa anasema kioo hakijui kidole cha chifu wala cha mtoto, vyote ni uchafu. Kitambaa cha kufutia lenzi kilikuwa mfukoni. Nikakitoa. Lakini nafuta vipi mafuta ya upako mbele ya mtumishi, amina bado iko hewani? Nikakirudisha. Nikapiga hivyo hivyo, jua linashuka nyuma ya ndege, kina mama wanaimba.

Nilisema nitafuta nikifika nyumbani. Sijafuta. Mtu anafuta vipi kitu kama hicho? Na kile kitambaa ukishafuta, unakifua na sabuni ya kawaida?

Jumapili, 9 Februari

Nimetoka kanisani moja kwa moja mpaka kwa kompyuta. Nimeketi. Nimesimama. Nimeketi tena.

Iko picha moja. Pale jua lilipogonga kile kioo kidogo cha kumkinga rubani upepo, mwanga umelipuka ukawa msalaba. Mguu umeshuka mpaka kwenye nyasi, mikono imetanda juu ya mabawa yote. Ndege nzima inang'aa kama imechovywa kwa maziwa. Sijawahi kupiga picha nzuri hivi maishani.

Najua ni nini. Nafikiri najua.

Nimemtumia Wangari. Nimeandika neno moja tu: Tazama.

Jumanne, 11 Februari

Tazama! Ni neno gani lile nililoandika!

Picha iko kila simu. Imetoka grupu ya kina mama ikaenda Turbo, ikafika Plateau, imevuka kaunti. Dada yangu wa Kitale amenitumia picha yangu mwenyewe, ati niisambaze haraka nisikose baraka. Nikamjibu amina. Ningesema nini?

Halafu leo mchana Mzee Kuria akaja studio. Bila ovaroli. Shati jeupe, limepigwa pasi. Safari hii aliketi. Akaweka simu juu ya kaunta, picha imejaa kwenye kioo. "Mama Sylvia, mimi ni fundi, hadithi sipendi. Wewe ndiwe ulikuwa nyuma ya hiyo kamera. Niambie. Hii mwanga ni ya nini?"

Nilikuwa nalo jibu. Liko hapa, kwa ulimi. Lakini nyuma yake alisimama Wangari, mikono ameikunja kifuani, machozi yanateremka na hayafuti. Ananiangalia. Miaka yote ile ya Jumatano inaniangalia.

Nikasema, "Mzee, mimi nilibonyeza tu."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi," akasema, na sauti ikamkatikia hapo hapo. Wangari alizunguka kaunta akanikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka.

Nilibonyeza tu. Si uongo! Kila neno ni kweli. Mbona basi chai haipiti?

Jumatano, 12 Februari

Nimefanya jaribio. Nilitoka nyuma ya nyumba na kamera, lenzi ile ile, mafuta yale yale. Sufuria nimeianika juani. Nikapiga. Msalaba. Karai la jirani — msalaba. Bati la choo, Bwana nisamehe, msalaba, tena mkubwa kuliko wa ndege.

Kituyi wa bodaboda alikuwa anaosha pikipiki yake pale nje. Nikapiga kioo chake cha pembeni. Akasimama akapozi kabisa, kidole gumba juu. "Mama Sylvia, leo mimi ndio bibi harusi?" Nikaangalia picha. Kituyi ana msalaba begani kama askofu. Akaniuliza, sasa Mama, mbona unalia? Sikujua nalia.

Nikaweka lenzi nyingine, ambayo haikupakwa. Sufuria ni sufuria.

Ndio hivyo. Lakini naye Mungu? Si ndiye aliyeumba jua na zeituni, akampa Pastor gumba? Si ndiye anajua kwa nini sikufuta? Nimelishika hilo wazo jioni yote kama mtu anashika kikombe cha moto, nakihamisha mkono huu, mkono ule. Nikiliamini kidogo, naliona lile bati la choo.

Maombi ya leo sikwenda. Nimesema kichwa.

Jumapili, 16 Februari

Mzee Kuria amekuja kanisani.

Naandika tena niamini. Mzee Kuria, kanisani, suti ya harusi yake, mabega yamekaza. Kina mama walipiga vigelegele mpaka watoto wakaamka. Nami nilipiga! Nililia na wengine. Nani hatalia?

Akapewa nafasi ya ushuhuda. Anaongea kama anasoma mita. Alisema alikuwa anaamini kile anaweza kukaza na spana. Alisema sasa ameona. Kisha akasema, "Nilikuwa nangoja mkaguzi wa Nairobi. Mkaguzi wa nini tena? Mungu ameshakagua." Kanisa likainuka. Jumamosi, akasema, ataipaisha. Kiti cha mbele atakaa Wangari, aliyeshona mabawa. Watapita juu ya paa la kanisa.

Pastor akasema haleluya. Nikamwinamia Wangari sikioni, nikamuuliza, na ile kukohoa? Anatabasamu tu, uso umekuwa wa msichana. "Hajaigusa tangu picha. Anasema imepona."

Hajaigusa! Hata kuiwasha hajaiwasha, atajuaje? Mahubiri sikusikia. Nilikuwa nasikia kho, kho.

Jumanne, 18 Februari

Nimeenda kwa Pastor. Nilimkuta anamwagilia sukuma nyuma ya nyumba, gambuti miguuni. Nikasema yote bila kupumua: gumba, mafuta, sufuria, Kituyi. Ya choo niliiacha.

Alicheka. Si cheko la dharau, Pastor ni mtu mwema, ndiye aliyetuzikia Baba Sylvia hata shilingi ya usafiri akakataa. Akasema, "Mama Sylvia, kama Mungu aliongea na kinywa cha punda wa Balaamu, atashindwa na gumba la Wabuge?"

Nikasema, na injini, Pastor? Inakata ikipata moto, nilisikia na haya masikio. Akaacha kumwagilia kidogo. Akasema Mzee ni fundi, injini yake anaijua kuliko sisi. Kisha akashusha sauti: yule ni mtoto mchanga wa imani, mama. Ukimwambia sasa ni mafuta, atarudi alikotoka, na hatakanyaga tena. Hiyo utaibeba wewe?

Akanipa sukuma nibebe.

Nimefika pale kona ya posho mili, wanaposagia mahindi, ndio nikakumbuka. Nikasimama katikati ya njia, sukuma mkononi. Yule punda! Alikuwa anafanya nini kabla ya kuongea? Alikuwa anakataa kwenda! Ameona malaika na upanga mbele, bwana wake haoni. Alipigwa fimbo, akalala chini, lakini hakupita.

Mbona Pastor hakulisema hilo? Labda hakulifikiria. Mimi nimelifikiria. Sasa nitaliweka wapi.

Alhamisi, 20 Februari

Siwezi kazi. Mteja mmoja nimemkata kichwa kwa picha ya pasipoti.

Sylvia amepiga simu kutoka Nakuru. Nimemwambia yote. "Mum, futa hiyo kitu umwambie ukweli. Iko ngumu wapi?" Ni mtoto mzuri lakini kila kitu kwake ni swichi.

Nimekaa na kitambaa kwa mkono huu, lenzi kwa mkono huu. Ningefuta ningelala. Kisha nikaona — nikifuta, nimebaki na mdomo tu. Mdomo wa mama wa pasipoti, na ile picha iko kila simu. Nani atanisikiza? Nimeirudisha lenzi kwa soksi, polepole, nisiguse kioo. Mara ya kwanza siogopi kufuta. Naogopa ifutike.

Nimempigia Mzee. Alikuwa anaimba, hata salamu ameniimbia! Ati nije mapema Jumamosi, Wangari amejishonea kitambaa cheupe cha kichwa kwa mabaki ya mabawa. Nikasema nitakuja.

Nitakuja. Hilo tu ndilo nililosema.

Ijumaa, 21 Februari

Nimefunga kula leo. Kuomba nimeshindwa. Naanza Baba yetu, nikifika mkate nakwama.

Jumamosi, 22 Februari

Naandikia hapa hapa Chepsaita, daftari juu ya begi la kamera, nimeegemea nguzo ya ua. Nisipoandika nitatembea mpaka Turbo.

Nimefika kabla ya watu. Umande bado. Ndege wameitoa nje ya banda, imesimama kwenye nyasi, nzuri kuliko siku zote, Bwana nisamehe kwa kuona hivyo. Mzee ameshavaa kofia ya ngozi, masikio yamefunikwa. Wangari analeta trei ya chai na kile kitambaa cheupe kichwani.

Nilijua nikianza na salamu nitamaliza na salamu. Nikaitoa kamera, nikamvalisha Mzee shingoni. "Mzee, kabla ya yote. Angalia hapa nyuma, kwa hiki kioo kidogo."

"Nipige nini?"

"Chochote kinang'aa."

Akaelekeza kwa thamosi iliyo juu ya bawa. Akakisogeza kioo karibu na jicho. Akaelekeza kwa mkebe wa maziwa pale langoni. Akaenda kwa spana, akaishika juani yeye mwenyewe, akaigeuza hivi na hivi, fundi kabisa. Taa ya trekta. Kisha akageuka na mkewe alikuwa anakuja, jua liko kwenye trei.

"Hata Wangari anao huo msalaba," akasema. Polepole sana.

Ndipo nikainamisha lenzi aone. Mistari ya gumba bado iko, imeshika vumbi kidogo. Nikasema yote nimesimama. Nikasema pia, siku ile uliniuliza, nami nikakujibu nilibonyeza tu, na nilijua. Nilitaka anifokee. Hakunifokea.

Aliuliza kitu kimoja. "Kwa hivyo Mungu hakuwa hapa."

Sikuwa nimejitayarishia hilo. Nikajibu na kile kilikuja. "Mzee, alikuwa. Lakini kukohoa ulikusikia wewe mwenyewe, picha bado haijapigwa. Na hilo sikio alikupa nani?"

"Kukohoa nilisikia," akasema. Ni hilo tu. Akanirudishia kamera kwa mikono miwili, kama mtu anarudisha mtoto, akaingia bandani.

Wangari alisikia yote. Trei bado ameishika. Nilimwita, Mama Cate. Akaangalia mabawa yake. Sijui kama nimempokonya mume au nimemrudishia. Hata yeye, naona, hajui.

Mzee ametoka sasa. Amebeba sanduku la spana. Nimeshukuru mapema mno! Kwa sababu ameliweka kwenye nyasi mbele ya propela, hajalifungua, amelikalia tu. Kofia bado iko kichwani. Ameketi anaangalia ile injini kama mtu aliyengojea mgeni, na mgeni amekuja na hawana la kuongea.

Kina mama nawasikia wakija, wanaimba huko nyuma ya ua. Gari la Pastor linapiga honi langoni.

Nimetoa kitambaa. Mikono yenyewe imekitoa. Nilikuwa nimekifikisha kwa kioo, na Mzee akaongea bila kugeuka. "Wacha, Mama Sylvia. Usifute. Na Pastor aangalie kwanza."

Nimekirudisha mfukoni. Pastor anashuka, mikono juu, anacheka, chupa iko mfuko wa shati. Wangari ameweka trei chini, ameenda kusimama kando ya kiti cha mbele, mkono uko kwenye ule mshono wa chini ya bawa. Mzee hajavua kofia. Hajafungua sanduku. Injini bado baridi.

Naweka kalamu. Pastor ananipungia mkono, anataka kupigwa picha.